Karata ya Hila na Ulimi wa Hila

Ipo hukumu moja ambayo hutolewa kwa wepesi mno kila yanapotajwa mazingaombwe ya karata. Husemwa kwamba anayetumia karata za kawaida, zile zilezile zinazochezwa barazani, huyo ni fundi. Na anayetumia karata zilizotengenezwa kwa siri, zenye ukingo uliopunguzwa au mgongo uliotiwa alama, huyo ni mlaghai asiyestahiki makofi. Hukumu hii ina watetezi wa makundi mawili yasiyopatana kwa jambo jingine lolote. Kundi la kwanza ni la mafundi wenyewe, wanaojinasibu kwa wepesi wa vidole na kukiona kifaa kuwa ni kimbilio la mvivu. La pili ni la watu wa maadili, wanaoiona karata iliyopunguzwa kuwa ni ndugu wa mizani ya dukani iliyochezewa.

Makala haya yanakusudia kuwapinga wote wawili. Nasema kwamba karata ya hila haina hatia mpaka ulimi uitie hatia. Tena nasema kuwa kelele zetu juu ya karata zimetusahaulisha kuuhukumu ulimi, na gharama ya usahaulifu huo hulipwa na wale wasio na cha kulipia.

Tuanze na kitu chenyewe, maana si haki kumhukumu mtuhumiwa kabla ya kumtazama usoni. Karata za hila ni za namna nyingi, lakini tatu zatosha kwa hoja yetu. Ya kwanza ni pakiti iitwayo Svengali, jina la mhusika katika Trilby, riwaya ya George du Maurier ya mwaka 1894. Mtu huyo alimtawala msichana kwa kumpumbaza akili. Nusu ya karata zake ni za kawaida, kila moja na uso wake. Nusu iliyobaki zote ni karata moja, tuseme ree ya kopa, nazo zimekatwa fupi kidogo, kwa kiasi ambacho jicho halikitambui. Zimepangwa fupi na ndefu, fupi na ndefu, mpaka mwisho. Fundi akiziachia zidondoke kwa kidole gumba nyuso zikiwaelekea watu, huanguka mbilimbili, fupi ikijificha nyuma ya ndefu, na watazamaji huona karata tofautitofauti. Akimwambia mtu akate pakiti popote apendapo, vidole vya mtu huyo hunasa ukingo wa karata ndefu, na iliyo chini yake daima ni ree ya kopa. Mtu huapa kwamba amechagua mwenyewe. Kwa hakika hakuwa na cha kuchagua.

Ya pili imepunguzwa kwa ubavuni, ncha moja ikawa nyembamba kidogo kuliko ya pili. Maadamu karata zote zimeelekea upande mmoja, pakiti ni sawasawa. Mtazamaji akichomoa moja, fundi huigeuza pakiti pasi na kusema neno. Karata ikirudishwa, ncha yake pana husimama penye ncha nyembamba za wenzake, na vidole huipata hata gizani. Ya tatu huitwa pakiti isiyoonekana, na asili yake ni ubunifu wa Joe Berg wa Marekani, mwaka 1936. Hapo migongo ya karata imepakwa dawa ya kuikwaruzisha, zikashikana mbilimbili mgongo kwa mgongo. Mtazamaji hupewa pakiti ya hewani, aichange kwa mikono mitupu, achague karata katika fikira zake na kuigeuza. Kisha fundi hutoa pakiti ya kweli mfukoni, huitandaza, na karata ile iliyotajwa ndiyo peke yake iliyofudikizwa.

Nimeyaeleza haya pasi na woga wa kuvunja amana. Siri hizi zimo vitabuni kwa miongo mingi, na katika miaka ya 1970 Marshall Brodien wa Chicago alikuwa akiiuza pakiti ya Svengali kwa matangazo ya televisheni, kwa jina la TV Magic Cards. Kama ujuzi wa kifaa ungetosha kuliua ajabu, basi mazingaombwe ya karata yangekwisha kuzikwa zamani. Hayakuzikwa, na sababu yake ndiyo jibu la kundi la kwanza.

Mafundi wa vidole hudai kwamba kifaa hufanya kazi ambayo mkono ulipaswa kuifanya. Ni kweli, lakini hawamalizi hesabu. Pakiti ya kawaida humpa mtu uhuru mmoja mkubwa: akiambiwa, "Hebu zilete tuzione," huzitoa mara moja. Pakiti ya Svengali haikaguliki. Nani asiyezijua baraza zetu? Mtu hamalizi kucheza kabla ya mikono minne kunyooshwa, na mzee wa pembeni aliyekuwa ameshughulika na dhumna naye ageuke adai zamu yake ya kuzishika. Anayebeba karata za hila sharti ajue namna ya kuziingiza mchezoni bila ya kutiliwa shaka, namna ya kuziondoa kabla ya shaka kuzaliwa, na namna ya kuweka pakiti safi mahali pake huku macho yote yakimtazama. Lazima ajue wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza, lini amtazame mtu usoni ili naye atazamwe usoni. Ufundi haukuondoka. Umehama kutoka kidoleni ukaenda katika mpango, katika kauli na katika kuijua tabia ya binadamu. Wazee walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na hatujapata kusikia nahodha akidharauliwa kwa kuwa jahazi lilishushwa majini juu ya magogo.

Historia nayo haiwasaidii. Johann Nepomuk Hofzinser, aliyefariki mwaka 1875, alikuwa mtumishi wa serikali katika wizara ya fedha mjini Vienna, na usiku alikuwa bingwa wa karata ambaye mabingwa hadi leo humtaja kwa heshima. Mikono yake ilikuwa mepesi kupita kiasi. Na ni Hofzinser huyohuyo aliyebuni karata za hila kwa wingi: zenye nyuso mbili, zenye uso uliogawanywa kati ya karata mbili, zenye vipande vinavyosogea. Ottokar Fischer alipozikusanya kazi zake za karata na kuzichapisha mwaka 1910, walimwengu waliona kwamba mtu yule hakuwahi kuuweka mpaka kati ya kidole na kifaa. Dai Vernon wa Kanada ni shahidi wa pili. Huyu ndiye aliyemtatiza Houdini kwa mchezo wa karata mwaka 1922, na jina lake ni kama kiapo kwa wapenzi wa wepesi wa mikono. Katika miaka ya 1930 naye alibuni pakiti yake ya hila, iitwayo Brainwave. Ikiwa walimu hawakuona aibu, wanafunzi wameitoa wapi?

Uvivu upo, sikatai. Yupo anayenunua sanduku la vifaa leo na kesho akajiita bingwa, akiwaonyesha watu jambo lilelile mara tano mpaka wa tano akalifumbua. Lakini uvivu huo ni wa mtu, na hata mwenye kamusi nzima ya vina kichwani anaweza kutunga shairi lililokufa.

Nimetaja vina kwa makusudi, kwa kuwa Hofzinser anakumbukwa kwa rai kwamba karata ni ushairi wa mazingaombwe, na wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa ushairi. Basi na tujiulize: mshairi wetu wa arudhi hutunga vipi? Aghalabu huanza na kibwagizo. Anao mkononi ule mstari wa mwisho kabla hajajua ubeti wa kwanza utasema nini, na kila ubeti huupanga ili uishie hapo. Msikilizaji hufuata maneno akidhani yanakwenda yatakako. Hupitishwa baharini na nchi kavu, kwenye mapenzi na kwenye mauti, na kila mara akifika mwisho hujikuta kwenye kibwagizo kilekile, naye hutikisa kichwa kwa furaha kana kwamba amefika kwa miguu yake mwenyewe. Hiyo ni pakiti ya Svengali. Kata popote, ree ya kopa inakungoja. Vina vilichaguliwa mapema, mizani ilihesabiwa kwa vidole chini ya meza, na hakuna aliyewahi kusimama katika ukumbi akapiga kelele kwamba ameibiwa. Tunaijua hila, na kwa kuijua twazidi kuipenda, kwa kuwa tumeona ugumu wa kuifanya ionekane nyepesi. Yule anayeijua karata fupi naye humtazama bingwa kwa jicho hilohilo.

Sasa tugeukie kundi la pili, lenye hoja nzito zaidi. Hawa husema hila ni hila, na mwenye kuzoea kudanganya kwa mchezo atadanganya kwa kweli. Mfano wao wa mizani ya dukani una ladha, lakini umekosa nguzo. Aliyekwenda dukani alikwenda kununua kilo ya sukari, wala hakukubali kupunjwa hata kwa chembe. Aliyekwenda kutazama mazingaombwe alikwenda kudanganywa. Ndicho alichokilipia, na angedai fedha zake kama asingedanganywa. Baina ya fundi na mtazamaji mna mapatano, na mapatano hayo ndiyo mizani ya kweli. Palipo na mapatano, karata fupi ni ala ya mchezo kama zumari. Pasipo na mapatano, hata karata halali huwa kisu.

Na hapa ndipo hukumu ya makundi yote mawili inapovunjika vipande. Mtazameni mcheza karata tatu, au pata potea kama wanavyoita ndugu zetu wa Kenya. Ameinama juu ya kiboksi kando ya stendi, karata zake ni tatu tu, na aghalabu ni za kawaida kabisa. Ukizikagua hutapata ukingo uliokatwa wala alama mgongoni. Anachokitegemea ni wepesi wa mikono, ule ule unaosifiwa na mafundi wetu. Anarusha karata mbili zilizoshikwa pamoja, na ile ya juu hutangulia mahali ambapo jicho lilidhani imekwenda ya chini. Pembeni wamesimama wenzake wanaojifanya wageni, wakishinda mbele ya macho ya watu. Wakati mwingine mwenzake mmoja huikunja pembe ya karata yenye ushindi wakati mwenye mchezo "hakuona". Msafiri huona alama ile, moyo humpiga, hutoa nauli yake yote. Kumbe mkono umekwisha kuinyoosha pembe ile na kuikunja ya karata nyingine. Tazama ubaya wa jambo hili: mwizi amemfanya anayeibiwa ajione kuwa yeye ndiye mwizi. Atakwenda kumshitaki kwa nani, na aseme nini? Kwamba alikuwa akijaribu kumwibia mcheza kamari akashindwa?

Basi hapo tuna karata safi, mikono safi kwa kipimo cha mafundi, na wizi mtupu. Upande wa pili tuna Hofzinser na karata zake zilizokatwa na kugandishwa, na hakuna aliyetoka nyumbani kwake akiwa maskini zaidi ya alivyoingia, ila kwa kiingilio alichokitoa kwa ridhaa. Mwenye kusema kwamba hatia imo ndani ya karata na atuonyeshe imekaa wapi.

Hatia imo katika kauli. Mfano ulio bayana kuliko yote ni wa Robert-Houdin, bingwa wa Ufaransa, aliyepelekwa Algeria na serikali ya nchi yake mwaka 1856. Hakutumwa kuwafurahisha watu. Alitumwa kuwaonyesha Waaljeria kwamba Wafaransa wana nguvu kuliko masharifu na mashekhe ambao watu waliwafuata. Miongoni mwa vifaa vyake palikuwa na kisanduku kidogo chenye chuma chini yake. Sakafuni palifichwa sumaku ya umeme: ikizimwa, mtoto hukiinua kisanduku, ikiwashwa, pahalawani hakitikisi. Alimwita mtu mwenye nguvu jukwaani, akamwambia kwamba atamnyang'anya nguvu zake, naye mtu yule akavuta mpaka akapigwa na umeme uliopitishwa mkononi. Katika kumbukumbu zake Robert-Houdin anasema kuwa baadaye wakalimani waliagizwa kuwaeleza watu kwamba mambo yale yalikuwa ufundi tu. Na iwe hivyo. Maelezo yaliyokuja baada ya hofu kwisha kufanya kazi yake ni mithili ya dawa iliyoletwa matangani. Kisanduku kilekile alikuwa amekwisha kukitumia Paris mbele ya watu waliokuja kuburudika, wakacheka na kurudi makwao. Kifaa hakikubadilika kwa kuvuka bahari ya kati. Yaliyobadilika ni maneno yaliyotangulia kifaa, na dola iliyosimama nyuma ya maneno hayo.

Kinyume chake ni Reginald Scot, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake mwaka 1584, wakati ambapo Ulaya ilikuwa ikiwaua watu, wengi wao wanawake wazee na maskini, kwa tuhuma za uchawi. Scot alieleza wazi namna viinimacho vinavyofanyika, vya karata vikiwemo, ili aonyeshe kwamba mambo mengi yaliyoitwa uchawi yalikuwa mikono tu. Kwake yeye, kuifichua karata ilikuwa ni njia mojawapo ya kuokoa shingo ya mtu. Anayedhani kwamba mjadala wa karata za hila ni porojo za watu wasio na kazi na akumbuke kwamba panapokosekana wa kueleza tofauti kati ya kiinimacho na sihiri, hukumu huachiwa umati.

Nasi tunao wa kuelezwa. Pwani yetu imezijua karata kwa karne nyingi. Neno karata lenyewe, pamoja na kopa, uru, shupaza na turufu, tuliyapokea kwa Wareno, na tumeyafanya yetu mpaka tukawa tunasema mwanasiasa amebaki na turufu moja. Hatuwezi kujidai kuwa sisi ni wageni wa mchezo. Hata hivyo, tunamvumilia mtu anayechomoa msumari kutoka mguu wa mgonjwa aliyelazwa juu ya mkeka, msumari ambao mkono wake uliuficha kabla ya kuingia nyumbani. Hana karata, hana kifaa, hana ukingo uliokatwa. Ana kiganja na ulimi. Mgonjwa hulipa, hupata faraja ya siku tatu, na siku ya nne hupelekwa hospitali akiwa hoi. Waliokuwa wakinong'ona kwamba kijana wa mazingaombwe shuleni ana karata za uongo hawakunong'ona chochote juu ya msumari ule. Wengine waliukodolea macho kwa heshima.

Najua nitajibiwa kwamba mazingaombwe yanakula imani ya watu, na kwamba fundi akitangulia kusema "huu ni mchezo" atakuwa amelizima taa ajabu lake kabla ya kuanza. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama isingekuwa imekwisha kujibiwa Vienna. Hofzinser alipofungua maonyesho yake mwaka 1857 aliyapa jina lenye maana ya Saa ya Udanganyifu. Aliliandika neno lenyewe mlangoni. Watu walilisoma, wakalipa, wakaingia, wakashangaa. Mtu mzima haihitaji imani ili ashangae. Huhitaji kazi iliyofanywa vizuri. Fundi anayehofia kwamba ukweli utamvunjia onyesho ana onyesho bovu, na anayekataa kata kata kusema kwamba ni mchezo ana biashara nyingine.

Kwa hiyo vipimo vyangu ni vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohusu ukingo wa karata. Je, mtazamaji anajua kwamba amekuja kuchezewa? Je, anatoka na kila alichoingia nacho isipokuwa kiingilio alichokubali? Je, amebaki na uhuru wa kucheka na kusema "umeniweza," bila ya kuogopa kwamba kicheko chake kitamletea maradhi au laana? Anayevivuka vipimo hivi vitatu, na azikate karata zake apendavyo, azigandishe, azipake dawa, azitie nyuso mbili. Mimi nitampigia makofi. Anayeshindwa hata kimoja, hata kama karata zake zimetoka dukani sasa hivi na karatasi yake haijachanwa, huyo si fundi, wala mikono mizuri haitamfanya fundi.

Wazazi wanaowakataza watoto wao kununua pakiti ya hila wangewafaa zaidi kwa kuwanunulia. Mtoto aliyemfanyia bibi yake mchezo wa Svengali, akamwona bibi huyo aliyeona mengi akishangaa, amejifunza jambo ambalo mawaidha mia hayafundishi: kwamba macho ya mtu mwenye akili timamu yanaweza kupangiwa cha kuona, na kwamba chaguo linaweza kutengenezwa kabla ya mchaguzi kufika. Akishalijua hilo kwa vidole vyake, na aje mwenye msumari, aje mwenye karata tatu, aje na mwenye ahadi za jukwaani. Mtoto yule atauliza swali moja tu, lile ambalo kila mlaghai hulikimbia: "Hebu zilete tuzione."